Haya Hayaoti Tanga

Watu hudhani mapenzi ya bustani huanza na ua. Ati mtu anapita njiani, analiona waridi limefunguka, moyo unalainika, kesho yake ananunua jembe. Mwenzenu nimeishi na wagonjwa wa maradhi haya. Nimewapakulia chakula, nimewafulia nguo zenye udongo, na nasema si hivyo. Ua lililokwisha kuchanua halimtii mtu wazimu. Atalisifu kisha atashika njia yake. Kinachomnasa mtu ni mmea uliomkatalia. Mpe mche unaoota wenyewe, atausahau nyuma ya choo. Mpe unaonyauka kila akigeuza shingo, utamkuta alfajiri amechuchumaa mbele yake na tochi mkononi.

Kwetu Chumbageni, waridi liliingia kwa neno la muuza miche. Mume wangu mtaa mzima unamwita Mwalimu, kwa kuwa amewafundisha hesabu watoto na, kabla yao, wazazi wao. Baada ya kustaafu alikwenda Lushoto kwenye harusi ya mwanafunzi wake wa zamani. Anayeijua njia ile anajua: ukishaanza kupanda kutoka Mombo kwa zile kona za Soni, unaacha mkonge na joto chini, na ukifika juu, kwenye mita kama 1,400, unakuta plamu, mapea na watu waliovaa makoti mchana kweupe. Huko mwaridi husimama mbele ya nyumba bila kubembelezwa. Mwalimu aliona miche kwenye viriba kando ya barabara, akauliza bei kwa mazungumzo tu.

"Unatokea wapi, mzee?" kijana akamuuliza.

"Tanga mjini."

"Basi usipoteze hela yako. Haya hayaoti Tanga."

Angenyamaza kijana yule, leo ningekuwa na uwanja wangu wa kuanikia nguo. Huwezi kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba jambo haliwezekani bila kumwonyesha njia ya kufikia jibu hilo. Alinunua miche mitatu palepale, mwekundu, mweupe na wa njano, akarudi na basi ameibana katikati ya miguu. Plamu nilizomwagiza zilibaki Lushoto.

Kisa cha daftari

Katika vitu alivyorudi navyo kutoka kazini siku ya kuagwa, kimojawapo kilikuwa daftari tupu la mahudhurio. Nilidhani ni kumbukumbu. Kumbe lilikuwa linasubiri wanafunzi. Kila asubuhi, akitoka kuswali, Mwalimu alisimama mbele ya miwaridi mitatu, kalamu sikioni, akaita majina.

"Mwekundu. Yupo. Mweupe. Yupo, lakini kapoteza jani. Wa Njano. Mgonjwa."

Kitinda mimba wetu, kijana wa kidato cha sita anayesoma kemia na kudharau kila kisichokuwa kemia, alimuuliza kama kuna mtihani mwisho wa muhula. Mwalimu akamjibu kwamba upo, na kwamba hao watatu hawatanakili kwa mtu.

Usiku ukawa wa historia. Mtu ambaye gazeti alilianzia ukurasa wa michezo akalimalizia hapohapo, sasa alikuwa akitusomea mezani kuhusu mawaridi. Tulijua, wali haujapoa, kwamba mawaridi mengi ya zamani ya Ulaya yalichanua mara moja tu kwa mwaka, hadi mwishoni mwa karne ya 18 yalipoanza kufika ya kutoka China yenye tabia ya kuchanua tena na tena, wakulima wakayachanganya. Tulijua kwamba mwaka 1867 Mfaransa mmoja wa Lyon, Guillot, alitoa waridi lililoitwa 'La France', na wajuzi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua mlango wa mawaridi ya kisasa. Tulijua kwamba Mfaransa mwingine, Francis Meilland, alizalisha waridi la njano lenye kingo za pinki, na mwaka 1945, vita vikuu vikikaribia kwisha, likapewa jina la Amani.

"La amani hilo," nikamwambia, "mbona haya ya kwetu yameleta vita?" Maana jioni hiyo alikuwa ameyahamisha madumu yangu ya maji hadi kwenye jua, ili Mweupe apate kivuli cha saa sita mchana.

Kisa cha samadi

Mahali fulani katika masomo yake Mwalimu aliokota kwamba waridi ni mlafi na hupenda samadi. Ni kweli. Mstari uliofuata hakuusoma. Alikwenda Pongwe kwenye mazizi, akajaza magunia, akakodi bajaji. Dereva aliambiwa anabeba mbolea, akakubali akidhani ni ile ya dukani yenye mfuko mkavu. Walipofika alidai nauli ya kurudi mtupu, kwa sababu, alisema, leo hakuna abiria atakayepanda tena.

Magunia yakashushwa barazani. Siku hiyohiyo, baada ya alasiri, walikuwa wanakuja wazee wenye barua ya posa ya binti yetu.

Nilichoma udi. Nilichoma ubani. Nilizunguka na chetezo hadi macho yakaniwasha. Wazee wakaingia na kanzu zao nyeupe, wakavuka magunia na salamu, nzi wakawapokea kabla yetu. Mshenga, mtu mzima mwenye adabu zake, akavuta pumzi akasema, "Mashaallah. Nyumba ya wafugaji."

Mtu mwingine angebadilisha mazungumzo. Mwalimu aliwatoa wazee nje, barua ya posa bado imo kwenye kitambaa chake, akawapeleka kuona miwaridi. Mmoja wao, mzee wa Muheza aliyelima machungwa maisha yake yote, akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa upesi.

"Mwalimu, hii bado inapika. Shika uone. Ukiiweka shinani umeunguza mizizi. Samadi huachwa miezi, igeuzwe, ilale, mpaka iwe nyeusi, ya baridi, inanuka udongo. Hapo ndipo mmea huila. Hii sasa hivi ndiyo itakayoula mmea."

Mwalimu akatazama upande wa Mweupe, aliyekuwa amekwisha kujaziwa shimo tangu asubuhi.

Posa ilikubaliwa. Baadaye mshenga alinong'ona kwamba wazee walipokuwa njiani kurudi walisema mtu anayekihangaikia kijiti namna ile hawezi kuwa amemlea binti yake ovyo. Nilishukuru, ingawa aliponiambia hivyo nilikuwa nasugua baraza kwa mara nyingine. Mweupe hakupona. Kwenye daftari aliandikwa "mgonjwa", halafu "mtoro", halafu "amehama shule". Neno lenyewe Mwalimu hakuliandika, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

Kisa cha misumari

Majani ya Wa Njano yakaanza kupauka. Mwalimu alishikilia kwamba hiyo ni tabia yake, jina lenyewe si Wa Njano? Kitinda mimba akamwonyesha kwamba ua ndilo linalopaswa kuwa la njano. Jani la njano lenye vishipa vya kijani ni dalili kwamba mmea umekosa chuma. Alikuwa amesoma kwenye simu. Alisema neno "chuma" akaenda zake kulala, bila kumaliza maelezo. Vijana ndivyo walivyo.

Kufikia kesho yake jioni uwanja wangu ulikuwa umemeza misumari yote yenye kutu iliyokuwa imetupwa na mafundi wa mtaa, pamoja na bawaba, vifuniko vya chupa na kipande cha ufito wa dirisha. Mwalimu alivifukia kwa mpangilio, kwa vipimo vya rula. Kisha masika ikaja. Mvua ilipiga usiku kucha, maji yakaufagia uwanja, na kulipokucha misumari ilikuwa imelala kwenye njia ya kuingilia, ncha juu.

Huu ni mji wa baiskeli. Muuza mkate alipata pancha, muuza samaki naye akapata, na mjomba wangu aliyekuja kuniletea nazi akapata pancha mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwa siku kadhaa Mwalimu alikaa barazani na beseni la maji, solusheni na viraka, akiziba matairi ya watu bure, huku akiwaeleza wenye baiskeli umuhimu wa chuma katika maisha ya waridi. Wawili kati yao waliondoka wanauliza miche inapatikana wapi. Nawaambieni, maradhi haya huambukiza hata kwa kiraka.

Wa Njano aliendelea kupauka. Kitinda mimba alipoulizwa tena akamaliza sentensi yake: chuma kimo udongoni siku zote. Mji wetu umekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa, na udongo wa chokaa hukifungia chuma, mizizi ikawa inakipita bila kukinyonya. Ukiongeza misumari unaongeza kilichofungwa. Waridi linataka udongo wenye uchachu kidogo, na kwetu Mungu alitupa kinyume chake. Dawa ni kuliinua kutoka ardhini, kulipa udongo wake mwenyewe ndani ya chombo: udongo mweusi wa msituni, mboji, samadi iliyolala, na matundu chini ili maji yasituame.

"Chombo kikubwa kiasi gani?" Mwalimu akauliza.

Niliposikia swali hilo nilitoka jikoni mbio, lakini alikuwa ameshafika kwenye pipa langu la maji na msumeno.

Wa Njano alipona. Majani ya zamani hayakurudi, ila mapya yalitoka ya kijani, yanang'aa, na baada ya muda kikatoka kikonyo chenye tumba. Ua lilipofunguka lilikuwa dogo kuliko picha, limepauka kingo, na kufikia adhuhuri lilikuwa limechoka. Waridi la kwenye joto hufunguka haraka na kujinyima ukubwa. Ndiyo maana mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya yako Naivasha na sehemu nyingine za juu, kwenye jua kali la mchana na baridi ya usiku. Huko ua huchelewa, likapata kichwa kikubwa na mguu mrefu. Mwalimu alilijua hilo. Hata hivyo alililetea kiti. Alikaa mbele yake mpaka ikaanguka petali ya mwisho, kisha akaandika kwenye daftari: "Amefaulu."

Kisa cha mbuzi

Jirani yetu wa upande wa mashariki anafuga mbuzi. Mimi na yeye tumezaa pamoja, tumezika pamoja, tumekopeshana sukari tangu enzi ya foleni. Mbuzi wake wanaijua nyumba yetu. Kuna wanaoamini kwamba mwiba ni ulinzi. Mbuzi ana mdomo wa mshonaji. Hupenya katikati ya miiba, akachuma jani moja moja, na akimaliza majani hula vikonyo vichanga na miiba yao, ambayo bado ni laini.

Mwekundu, aliyekuwa mwenye afya kuliko wenzake na asiyekosa hata siku moja shuleni, aliliwa kati ya adhana na kurudi msikitini. Kilichobaki ni kisiki cha kimo cha kidole.

Jirani alikuja mwenyewe, kanga imemwanguka begani.

"Shemeji, nisamehe. Mbuzi ni mnyama."

"Na mimi ni mtu, jirani," Mwalimu akajibu, "ndiyo maana sijasema kitu."

Hakusema kweli. Hakula usiku ule. Daftarini aliandika "ameliwa", akapiga mstari kwa rula.

Kisa cha mtoto wa kambo

Kisiki kikachipua. Chipukizi lilitoka karibu kabisa na udongo, nene, la kijani kibichi, na lilikua kwa namna ambayo Mwekundu hakuwahi kukua. Mwalimu alifufuka nalo. Kila wiki alilipima kwa rula ya ubao, akatangaza sentimita wakati wa chakula. Lilifika dirishani. Likafika kwenye papi. Likainama, likaanza safari ya kuelekea kwa jirani. Tumba halikutoa hata moja, lakini mzazi gani humlaumu mtoto anayekua vizuri?

Ndipo mama mkwe wangu alipofika kutoka Pangani kwa ajili ya matayarisho ya harusi. Tulimwamkia, akaitikia, akanywa chai yake, akataka aoneshwe hiyo miti inayomfanya mwanawe asipokee simu. Akalitazama lile tawi kubwa kuanzia juu. Kisha akajishika kiuno, akainama, akafukua udongo shinani kwa kidole.

"Baba, huyu unayemlea ni mtoto wa nani?"

Mwalimu akasema ni Mwekundu.

"Mwekundu aliliwa. Huyu ametoka chini ya kovu."

Akamwonyesha. Miche mingi ya waridi inayouzwa vitaluni imebebeshwa: chini ni shina la waridi gumu, la mwituni au la karibu na hilo, lililochaguliwa kwa nguvu za mizizi yake; juu yake hupachikwa jicho la lile waridi zuri. Hapo yalipounganishwa hubaki uvimbe, kovu la kudumu. Kinachochipua juu ya kovu ni waridi ulilonunua. Kinachochipua chini yake ni la mwenye mizizi, na usipolikata mapema huchukua chakula chote, maana kiko jikoni kwake. Mbuzi alikuwa amekula kila kilichokuwa juu ya kovu.

"Umemlisha, umemnywesha, umemwandika shule," mama mkwe akamaliza. "Lakini mama yake si yule uliyemwoa Lushoto."

Sote tulingoja mkasi. Mwalimu alikaa kimya, akapukuta udongo kwenye magoti, akasema, "Kalelewa hapa. Atabaki." Alilihamishia mpakani mwa uwanja, upande wa jirani, akaliacha lijitawale. Tangu hapo mbuzi wakawa wanakula hapo mpakani, tawi likichipua upya, mbuzi wakirudi tena, na hawakuwa na haja ya kuingia ndani. Kwa maisha yangu yote sijaona mtoto wa kambo aliyeitumikia nyumba kuliko huyo.

Kisa cha mama mkwe

Mnaweza kudhani mama mkwe alikuja kuponya. Alikuja na aina yake ya ugonjwa. Alipolinusa ua la Wa Njano alilirudisha usoni mara mbili, akauliza, "Harufu yake mmeiweka wapi?" Mwalimu akaanza kumweleza kwamba mawaridi mengi ya kisasa, hasa ya kukatwa na kuuzwa, yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa kikonyo, rangi na siku za kukaa kwenye chombo, na harufu ikaachwa njiani. Mama mkwe akamsikiliza hadi mwisho, kwa heshima ya elimu, akasema waridi lisilonukia halina tofauti na lile la plastiki la sebuleni kwangu, isipokuwa la plastiki haliombi maji.

Akaagiza vipandikizi Pangani, kwa somo yake, kwenye uwanja ambao waridi lake la pinki la zamani limechumwa kwa vikuba vya maharusi wengi. Vilikuja vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Alivikata urefu wa penseli, kila kimoja na macho yake, akapukutisha majani ya chini, akavichomeka kwenye mchanga na mboji kivulini, akavifunika kwa chupa za maji zilizokatwa vitako. Alikataza mtu yeyote asivivute kuangalia kama vimeota mizizi. Mwalimu alivivuta viwili usiku. Vilivyobaki viliota.

Na hapo mama mkwe akatoa somo ambalo mwanawe alilinakili: waridi lililoota kwa mizizi yake lenyewe halina kambo. Mbuzi akilila mpaka chini, litakalorudi ni lilelile.

Wakaanza kugombania uwanja. Mwalimu alikuwa akimwagilia usiku, kwa kopo lenye matundu, kutoka juu, akiona matone yanavyometameta kwenye mwanga wa taa. Majani yakatoka madoa meusi yenye kingo za njano, yakadondoka. Huo ni ukungu. Huhitaji jani libaki bichi kwa saa nyingi ndipo uote, na matone yanayoruka huusambaza. Mama mkwe hakujua jina lake wala hakulihitaji. "Maji ni ya mizizi. Jani halina mdomo," alisema, akamnyang'anya kopo. Tangu hapo maji yakawa ya asubuhi, chini, taratibu, na majani yaliyoanguka yakaokotwa yakachomwa.

Mimi kwa muda wote huo nilikuwa upande wa kamba. Kamba yangu ya kuanikia ilivuka uwanja kabla ya waridi lolote, na kanga zangu ndizo zilizokuwa na haki na jua. Lakini waridi linataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na mwaridi mmoja wa mama mkwe, ule mdogo wa pembeni, ulikuwa unainamisha shingo kulitafuta jua chini ya pindo la shuka. Nilianza kuanika shuka upande mwingine. Kisha nikamwita fundi, nikahamishia kamba nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniomba. Mwalimu aliporudi akaona nguzo zimeng'olewa hakusema neno. Alikwenda akafungua ukurasa mpya, akaniuliza huyu wa pembeni tumwandike kwa jina gani. Nikamwambia aandike "Wangu".

Kisa cha marashi

Harusi ilipokaribia, miwaridi ya mama mkwe ilikuwa inachanua. Alfajiri ya siku yenyewe wanawake walikaa mkekani, asumini, mrehani, mkadi na petali za waridi zimemwagwa katikati, wakafunga vikuba huku wakimchamba kila mwanamume aliyepita. Binti yetu alitoka ananukia uwanja wa baba yake. Nilimwona Mwalimu anageuka kuangalia ukuta.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini siku chache kabla petali zilikuwa zimebaki nyingi, na kitinda mimba alikuwa na kemia. Mama mkwe ana chupa ya maji ya waridi aliyoletewa na mpwa wake aliyeko Maskati, yametoka Jabal Akhdar, milima ya Oman ambako kila msimu wa machipuko watu huchuma mawaridi alfajiri na kuyapika katika vyungu vya shaba ndani ya majiko ya udongo. Maji yake si meupe sana, na yana harufu ya moshi kwa mbali. Kijana alinusa akasema yameungua, yeye angetengeneza safi zaidi.

Njia aliyoitumia haina kosa. Sufuria kubwa, petali na maji; katikati bakuli juu ya jiwe; mfuniko umegeuzwa juu chini, barafu juu yake. Mvuke hupanda umebeba harufu, hugusa ubaridi, hurudi kuwa maji, huteremka hadi kwenye kishikio cha mfuniko na kudondokea bakulini. Tulikusanyika wote kutazama tone la kwanza. Lilinukia waridi. Mama mkwe alifumba macho. Maji yakakusanywa, yakatiwa kwenye mrashi wa fedha wa marehemu baba mkwe, yakawekwa kwa ajili ya wageni.

Sufuria aliyoichukua ilikuwa ile ya papa.

Kwa wasiokula kwetu: papa mkavu wa nazi, akipikwa sufuria moja miaka na miaka, huhamia humo. Unasugua kwa majivu, unasugua kwa ndimu, anakaa tu. Katika mvuke alisubiri wenzake wapite kwanza. Usiku wa harusi mama mkwe alisimama mlangoni na mrashi, akawanyunyizia wageni vichwani na viganjani. Sekunde ya kwanza ilikuwa ya waridi, na watu walisema mashaallah. Baada ya hapo nyuso zikaanza kutafutana. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye baibui la thamani kuliko yote, alikwenda kukaa mbele, na paka wa mtaa walikuja wakakaa naye. Alipohama wakahama.

"Marashi ya wapi haya, mama?" akauliza kwa upole.

"Ya nyumbani," mama mkwe akajibu, shingo wima. "Ya Tanga yenyewe."

Pilau lilikuwa la mbuzi, zawadi kutoka kwa jirani yetu. Alimchagua mwenyewe, akamleta akiwa na kamba shingoni, akamwambia Mwalimu, "Shemeji, ndiye." Mwalimu alikula sahani mbili.

Kisa ambacho hakijaisha

Harusi ikapita, nyumba ikapoa, mama mkwe akagoma kurudi Pangani kabla hajaona vipandikizi vipya vimeshika. Jioni moja jirani alikuja, akazungukazunguka maneno, akasifu mvua, akasifu afya yangu, mwishowe akasema kwamba akipewa kijiti kimoja cha lile la pinki hatakataa. Kwamba si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wajukuu. Nilimtazama machoni nikaziona dalili. Mwalimu alimpa viwili, kwa sharti kwamba mbuzi wafungwe.

Wakafungwa. Ukapigwa wigo wa wavu. Likaja pipa, nalo likakatwa. Nikamsikia akimgombeza mjukuu wake kwa kumwagilia juu ya majani. Kisha asubuhi moja, hatujamaliza kunywa chai, alisimama mlangoni kwetu amemshika tetea wetu miguu, kichwa chini.

"Jirani," aliniambia, sauti inatetemeka, "kuku wenu amenifukulia waridi."

Nilianza kuomba radhi. Kuku ni mnyama, nilitaka kusema. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama, daftari kwapani, anatafuta kandambili zake.

"Kafukua upande gani?" akauliza. "Mizizi imeonekana?"

Wakatoka pamoja wakienda kasi, wakaniachia kuku.